Shamba Inamungojea

Kwa miaka mitatu Fratri Télesphore Niyonsenga alikula meza moja na mtu ambaye yeye alimchukia, na kila mchana alimpakulia maharagwe mtu huyo kabla ya kujipakulia mwenyewe. Walimu wa seminari waliona unyenyekevu. Mmoja wao alimtaja hata kwenye mahubiri, kwamba hivi ndivyo ndugu wanavyopaswa kuhudumiana. Laiti wangejua alichokuwa anakiomba moyoni wakati ameshika ule upawa, wangemfukuza siku hiyo hiyo, na upawa wenyewe wangeuosha kwa maji ya baraka.

Aliyechukiwa alikuwa Mushagalusa, mtoto wa karani wa Bukavu aliyehamia Goma, kijana mrefu, mpole, mwenye kuandika kwa mkono wa kushoto. Mkono huo ndio uliomponza. Mistari yake ilikuwa ikipanda kuelekea kulia, inapanda, inapanda, mpaka mwisho wa ukurasa unadhani itatoka nje ya karatasi. Niyonsenga aliijua vizuri. Miaka yote ya filosofia, kila malaria ilipomlaza, alinakili masomo kutoka kwenye daftari la Mushagalusa. Walikuwa marafiki wa kugawana sabuni, na hilo ndilo lililoifanya chuki iwe nene.

Mwishoni mwa filosofia, Rekta, yaani mkuu wa seminari, alimwita Niyonsenga ofisini akamsukumia karatasi iliyokunjwa mara nne. Haikuwa na sahihi, ila ilikuwa na mistari inayopanda.

“Padri Rekta. Fratri Niyonsenga iko na mutoto ku Kalengera. Mama ya mutoto analia kila siku. Haiko mutu wa kuvaa kanzu. Mumurudishe nyumbani. Shamba inamungojea.”

Hakuwa na mtoto. Mkono wa msichana alikuwa ameushika kanisani tu, wakati wa kutakiana amani. Lakini barua ya namna ile ikishafika mezani kwa Rekta hairudi mfukoni kirahisi. Akaambiwa aende nyumbani mwaka mmoja, huku wakubwa wakiuliza. Niyonsenga aliisoma barua mara mbili kabla ya kuirudisha, na mara mbili zilitosha. Aliibeba kichwani neno kwa neno mpaka Kalengera, kijijini kwao. Yote yalimuuma, lakini ya mwisho ndiyo yaliyomchoma. Shamba inamungojea! Mtoto wa karani anamkumbusha mtoto wa mkulima mahali pake ni wapi.

Mwaka ule barabarani Kalengera watu wa motari, zile pikipiki za abiria, walimpigia kelele, “Padri, mutoto iko muzima?” Akina mama wa kwaya walinyamaza alipopita. Mtu mmoja tu hakumhukumu, mama yake, Dancille. Siku aliyoshuka kwenye gari na sanduku lake, Mama Dancille alimchinjia kuku. Alimpokea kwa kicheko, akamshika mashavu, akamwambia alale, ale, apumzike. Alimwonyesha shamba la marehemu baba yake, lile la kando ya barabara, ambalo vita vilipomchukua Byiringiro, kaka yake mkubwa, lilibaki bila mwanamume. Akawa anamleta nyumbani msichana mmoja wa jirani, Uwingabire, eti amsaidie kupura maharagwe, hata siku ambazo maharagwe ya kupura hayakuwepo. Niyonsenga alimwonea huruma mama yake. Alisema moyoni, huyu mama anaficha aibu yake ili mimi nisiione.

Mwaka ulipokwisha, wakubwa walikuwa wameuliza kila mtu na mtoto hakuonekana. Rekta akamrudisha, darasa moja nyuma ya wenzake. Angeweza kumshitaki Mushagalusa siku ya kwanza. Hakutaka. Rekta angempa Mushagalusa adhabu ya Rekta, karipio na sala za kutubu, basi. Niyonsenga alitaka adhabu itoke mkononi mwake, na imfike mwenzake siku ambayo ingekuwa tamu kuliko zote maishani mwake. Akaamua kungoja.

Mwaka wa pili wa kungoja, Mama Dancille alifariki. Daktari wa Rutshuru alisema ni ini. Niyonsenga alisema ni aibu. Mushagalusa alikuja kwenye mazishi, akalia kuliko wafiwa, akashika koleo na kutupia udongo kwa ule mkono wake wa kushoto. Niyonsenga alimtazama na akaapa, pale pale kaburini, kwamba huyu hatavaa kanzu. Kaburi la mama nalo akambebesha.

Na hatimaye siku ikaja.

Kanisa lina desturi yake. Kabla fratri hajapewa ushemasi, ngazi ya mwisho kuelekea upadri, jina lake husomwa Dominika tatu mfululizo katika parokia ya kwao, na waamini huulizwa kama kuna anayejua kizuizi. Familia ya Mushagalusa ilikaa Katindo, mtaa wa Goma. Na nani alikuwa ametumwa kusaidia parokia ya Katindo kila mwisho wa juma mwaka huo? Niyonsenga. Padri paroko, mtu mnene mwenye haraka, alimkabidhi karatasi ya matangazo bila hata kumwangalia usoni. “Utasoma weye, Fratri. Miye sauti imekwisha.”

Dominika ya kwanza alisoma vizuri sana. Kanisa lilijaa, na wanajeshi wa kambi ya jirani walisimama nyuma na familia zao. Benchi la mbele alikaa mama yake Mushagalusa, Mama Mapendo, amenyoosha shingo. Jina liliposomwa, wanawake walipiga vigelegele mpaka paroko akainua mkono. Niyonsenga akaendelea, kwa sauti iliyotulia: “Mwenye kujua kizuizi chochote kinachoweza kumzuia ndugu huyu, kwa dhamiri yake anadaiwa kukisema.” Alipolitamka neno “kizuizi”, ulimi wake ulionja asali.

Baada ya misa Mama Mapendo alimshika mikono yote miwili.

“Fratri, umesoma jina ya mutoto wangu, nikasikia sawa vile malaika anasoma. Tumeshachagua kitenge ya siku ile. Familia yote, kitenge moja. Na weye tutakushonea shati, juu weye ni mutoto wa hapa nyumbani.”

“Aksanti, mama,” alisema Niyonsenga, na akatabasamu kwa meno yote.

Kesho yake alivaa nguo za kawaida, akatembea mbali na Katindo mpaka duka moja la fotokopi ambako hakuna aliyemjua, akaomba mashine aandike mwenyewe. Mtu mwenye akili angetunga barua mpya. Niyonsenga alikuwa na akili nyingi, wa kwanza darasani katika maadili, Mungu atusaidie; lakini siku hiyo akili ilikaa nje ya mlango na kisasi kikaingia peke yake. Hakutaka barua mpya. Alitaka Mushagalusa anywe sumu ile ile kwa kijiko kile kile. Akaandika neno kwa neno yale aliyoyabeba kichwani miaka minne. Palipokuwa na Niyonsenga aliweka Mushagalusa, palipokuwa na Kalengera aliweka Bukavu. Haiko mutu wa kuvaa kanzu. Mumurudishe nyumbani. Shamba inamungojea. Akaitia barua kwenye sanduku la seminari. Mchana huo alimpakulia Mushagalusa maharagwe, akamwongezea na mchuzi.

Dominika ya pili jina lilisomwa tena, maana barua ilikuwa bado imelala kwenye sanduku. Alhamisi Mushagalusa aliitwa ofisini. Ijumaa hakuonekana kwenye sala ya asubuhi, na kitanda chake kilikuwa kimetandikwa kama cha mtu aliyekufa. Mafratri walinong'ona. Niyonsenga alikula vizuri siku hiyo. Alikwenda kwenye kanisa dogo la seminari, akapiga magoti mbele ya Sakramenti, akamwambia mama yake, hapo alipo, kwamba kazi imekwisha. Alingoja kusikia kitu rohoni. Hakusikia, akadhani ni uchovu.

Jumamosi alasiri alikuwa peke yake kwenye sakristia ya Katindo, anapiga pasi kitambaa cha altare. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo alitumia pasi ya makaa. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Mushagalusa, amevaa shati la kawaida, macho mekundu.

“Niko nakusumbua, Fratri?”

“Hapana. Karibu. Nimesikia mambo yako. Pole sana.”

“Ile barua ni weye uliandika.”

“Barua gani?”

“Rekta alinisomea yote.” Mushagalusa alikaa juu ya kisanduku cha mishumaa, mikono katikati ya magoti. “Mumurudishe nyumbani, shamba inamungojea. Télesphore, papa yangu ni karani. Babu yangu alikuwa karani. Siye ku nyumba yetu hatuna hata nafasi ya kupanda sombe, ni mawe ya volkano tu. Sasa ile shamba yenye inaningojea, iko wapi?”

Niyonsenga aliendelea kupiga pasi. Mvuke ulipanda kutoka kwenye kitambaa.

“Ile maneno,” Mushagalusa akaendelea, “batu wenye kuijua tuko batatu tu. Rekta, miye, na weye.”

Hapo yale ya miaka minne yakamtoka Niyonsenga kwa mkupuo mmoja.

“Ndiyo! Ni miye! Sasa unasikia namna inauma? Weye ulianzaka! Unafikiri sikujuaka mwandiko yako? Ulinitupaka ku njia, batu banicheke, na mama yangu akakufa na haya! Ulikuya mpaka ku kaburi yake, ukalia machozi ya uongo! Sasa lia ya kweli!”

Mushagalusa alimwacha amalize. Hakuinua sauti.

“Mukono ulikuwa wangu,” alisema. “Maneno haikuwa yangu.”

“Ya nani?”

“Ya mama yako.”

Pasi iliinuka. Sijui Niyonsenga alitaka kuifanyia nini, na yeye mwenyewe hakujua. Ilibaki hewani, makaa yakilia ndani yake.

“Nipige kama unataka,” Mushagalusa alisema, “lakini utasikia kwanza. Ilikuwa siku ya bazazi kutembelea batoto babo. Mama yako alikuyaka na ndizi na maharagwe. Weye ulikuwa ku mazoezi ya kwaya. Akanivuta nyuma ya grota ya Bikira Maria. Akasema, mutoto wangu, uniandikie barua, miye sijue kuandika. Nikafikiri ni ya salamu. Akaanza kusema, nikaweka kalamu chini. Nikamwambia, mama, hii ni uongo. Akalia. Akasema ni kweli, ni haya yake, ameona huyo mutoto na macho yake. Télesphore, nani anaweza kufikiri mama anadanganya juu ya mutoto yake? Nikaandika vile alisema. Ku mwisho nikamuuliza, hii ya shamba ni ya nini? Akasema, andika tu. Akaniapisha ku rozari yake nisiseme kwa mutu.”

“Unadanganya.”

“Mwaka moja ilipokwisha, wakasema hakuna mutoto. Ndiyo nilijua. Niliona haya, nikaogopa, nikanyamaza. Kila siku ulinipakulia chakula, nikafikiri, huyu anajua na amenisamehe.” Alicheka kidogo, kicheko kibaya. “Nilikuwa nakula hiyo maharagwe sawa komunyo.”

“Rekta umemwambia nini?”

“Hakuna. Nikisema barua ni yako, ataniuliza nimejua namna gani. Itabidi niseme ya mama yako. Nilimwapia. Sikutaka jina yake iingie mu biro ya Rekta.”

Akasimama. Mlangoni akageuka, na sasa uso wake haukuwa na upole wowote.

“Usifikiri nimekuya kukusamehe. Nimekuya ujue tu. Kesho ni dimanche ya tatu. Mama yangu ataketi pale pale mbele, na kitenge yake, juu sijamwambia. Nimeshindwa. Weye ndiye mwenye kusoma. Utamwambia weye.”

Alipokwenda, harufu ya kitu kinachoungua ilijaa chumbani. Pasi ilikuwa imeshushwa juu ya kitambaa cha altare, na Niyonsenga hakukumbuka ni lini.

Alikaa juu ya kisanduku kile kile cha mishumaa. Alitaka kusema Mushagalusa ni mwongo, na mdomo ulikataa. Alimwona kuku. Nani anamchinjia kuku mtoto aliyefukuzwa kwa aibu? Aliona mashavu yake yakishikwa, kicheko cha mama yake, Uwingabire akipepeta ungo usio na kitu. Barua ya adui ingesema mumufukuze. Ile ilisema mumurudishe. Adui gani angeiita Kalengera nyumbani, na kujua kuna shamba, na kujua linangoja? Kwa miaka minne alikuwa amebeba kichwani sauti ya mama yake mwenyewe akimwita, na yeye akaisikia kama tusi.

Alimkasirikia. Lisemwe wazi, maana hapo ndipo alipofika: alimchukia mama yake kwa muda wa kuungua kwa mshumaa mmoja. Alimwambia kwa sauti, pale sakristiani, “Ungeniambia! Ungesema na kinywa chako, mama, bakia na miye!” Na hapo hapo akajua angemjibu nini. Angemjibu kwa maneno ya kitabu, mavuno ni mengi, watenda kazi ni wachache, na angemwacha peke yake na jembe la baba. Kumbe hilo mama alilijua. Na sasa yuko chini ya udongo, mahali ambapo mtoto hawezi kumfuata kulipiza. Kisasi cha Niyonsenga kilikuwa bado kina njaa, na kikatazama huku na huku kumtafuta mwenye kosa, na mle ndani hapakuwa na mtu mwingine ila yeye.

Dominika ya tatu paroko alimpa karatasi. Jina la Mushagalusa lilikuwa limepigwa mstari mwekundu. “Useme matangazo imeahirishwa,” paroko alinong'ona. “Basi, usiongeze kitu.”

Niyonsenga alipanda mimbarini. Mama Mapendo alikuwa mbele, amevaa kitenge cha bluu chenye ndege weupe, na kando yake shangazi wawili wenye kitenge hicho hicho, hawakuweza kungoja siku yenyewe. Alimtazama Fratri kama mama anavyomtazama mtoto anayejua kusoma. Niyonsenga akaangalia mstari mwekundu, kisha akalisoma jina chini yake, lote, la ubatizo na la ukoo, na la baba, na la mama. Vigelegele vikapasua kanisa. Paroko aligeuka kwenye kiti chake kana kwamba ameumwa na siafu.

“Mwenye kujua kizuizi chochote,” Niyonsenga alisoma, akainua macho kwa Mama Mapendo. Akaanza tena. “Mwenye kujua kizuizi, kwa dhamiri yake anadaiwa kukisema.”

Akashuka. Hakungoja baraka ya mwisho. Alitoka kwa mlango wa pembeni, akapanda motari mpaka seminari, akaomba karatasi kwa mlinzi na kuandika akiwa amesimama kwenye dirisha la mapokezi. Mara ya kwanza aliandika yote, na jina la Dancille. Alilitazama jina hilo limekaa pale kwenye mwandiko wake mzuri, tayari kuingia ofisini. Akaichana karatasi vipande vidogo, akavitia mfukoni, akaomba nyingine.

Rekta alimpokea akiwa bado hajavua kanzu ya misa. Alisoma barua mara moja, polepole. Kisha alifungua kabati, akatoa faili mbili, na kutoka kila faili akatoa karatasi moja. Akazipanga tatu mezani. Ya kwanza mistari yake ilipanda. Ya pili ilikuwa ya mashine. Ya tatu ilikuwa na wino mbichi, na chini kulikuwa na sahihi.

“Padri Rekta,” ilisema hiyo ya tatu. “Barua juu ya Fratri Mushagalusa niliiandika mimi, kwa chuki, na kila neno lake ni uongo. Hana mtoto. Hana kizuizi. Kizuizi ninacho mimi. Miye ndiye siko mutu wa kuvaa kanzu. Munirudishe nyumbani. Shamba inaningojea.”

Rekta aliweka kidole chini ya mstari wa mwisho wa barua ya kwanza, akakisogeza kwenye ya pili, akakisogeza kwenye ya tatu.

“Ya kwanza iliandikwa juu yako,” alisema. “Nani aliandika?”

“Sitasema, Padri.”

“Sasa hii maneno ya shamba. Batu batatu, maneno moja. Ni ya nani?”

Niyonsenga alitazama kidole cha Rekta. Nje mafratri walikuwa wanarudi kutoka parokiani, wanacheka, mmoja anaimba.

“Sasa ni yangu,” alisema.